Skolashipu sio hela tu: miaka minne kwa wamonaki wa Minnesota (uzi mrefu, vumilieni)

KengeleYaPeramiho
Wakuu salaam. Kila wiki humu kuna mtu anauliza "skolashipu za Marekani zipo?", akipewa linki anasepa. Sijawahi kuona mtu anauliza ukishafika kule unasoma nini na unasomaje. Asa leo nina muda, umeme upo, ngoja nishushe.

Mi digrii ya kwanza nilisoma Saint John's, iko sehemu inaitwa Collegeville, jimbo la Minnesota. Sio vile vyuo vya kwenye muvi. Ni chuo kidogo ndani ya ardhi ya abasia (nyumba kuu ya wamonaki) ya Wabenedikto, kushoto msitu, kulia ziwa, na ikifika Januari ziwa lote linakuwa sakafu, watu wanatembea juu yake na kutoboa matundu wanavua samaki. Wamonaki walifika kule 1856 wakitokea Pennsylvania, mwaka uliofuata wakapata hati ya chuo, yan kabla hata ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao. Wanaume ndo wapo hapo. Wanawake wana chuo chao, Saint Benedict, kilichoanzishwa na masista 1913 mji wa jirani wa St. Joseph, ila madarasa mnachanganyika, basi linaenda linarudi mpaka usiku.

Mi ni mtoto wa Songea, nimekulia karibu na Peramiho, kwenye abasia ya Wabenedikto. Wa kule mnaijua ile kengele. Siku ya kwanza nafika nimechoka, nina baridi, sijui hata choo kiko wapi, nikasikia kengele ya masifu ya jioni. Nikaingia kanisani, wamonaki wanaimba zaburi zamu kwa zamu, upande huu unaimba ule unapokea, taratibu ile ile ya nyumbani! Kanisa lenyewe ni zege tupu, ramani yake kachora msanifu majengo Marcel Breuer, likamalizika 1961, mbele kuna ukuta mkubwa wa zege umebeba kengele. Ukilitazama mara ya kwanza unasema hawa jamaa walijenga bwawa la umeme wakabadili mawazo. Ila sauti ilikuwa ya Peramiho kabisa. Nililia kidogo, sifichi.

Asa masomo. Wenyewe wanaita liberal arts, sisi tuseme elimu huria. Maana yake huingii chuoni kama mhasibu au daktari, unaingia kama mwanafunzi. Mwaka wa kwanza na wa pili unasoma huku na huku: fasihi, sayansi, hesabu, lugha, falsafa, na teolojia ni lazima hata kama we ni Mlutheri au Muislamu au huamini kitu. Meja yako, yan somo lako kuu, unaitangaza baadaye. Kwa sisi tuliochaguliwa kombi tukiwa na miaka 17 tukaambiwa wewe HGL (historia, jiografia, lugha) basi sayansi kwaheri, ilinichanganya sana. Nilienda na wazo la uhasibu, nikatoka na historia. Mzee wangu alinuna miezi sita.

Naendelea, niachieni nafasi.

FundiSimu_Mbeya
Nimeweka kambi.

Mzito wa Kabwe
Huria kama Chuo Kikuu Huria pale Kinondoni au?? 😂

KengeleYaPeramiho
Mkuu hapana 😂 ile ya Kinondoni ni huria kwa maana unasomea popote ulipo. Hii ya kule ni neno la zamani la Warumi, elimu ya mtu aliye huru, asiye mtumwa. Zilikuwa saba: sarufi, mantiki, balagha (ufundi wa kusema), halafu hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Siku hizi masomo yameongezeka ila jina limebaki.

Asa darasani. Darasa ni watu kumi na kitu, mmekaa duara, huwezi kujificha. UDSM rafiki zangu walikuwa wanaandika notsi Nkrumah Hall watu mia tatu, ukisinzia nani atajua. Kule ukisinzia mwalimu anakuita jina, na anajua pia jana ulikula nini maana mlikutana foleni ya chakula. Kuna wamonaki wanaofundisha, ila walimu wengi ni walei, yan sio mapadre wala watawa, na baadhi sio Wakatoliki.

Esei yangu ya kwanza ilikuwa kuhusu Mtakatifu Augustino. Nikafanya nilivyozoea, nikasoma vitabu vinne, nikabandika fulani kasema hivi, fulani kasema vile, mwisho nikahitimisha kwamba wote wako sahihi. Kurasa sita safi. Ikarudi na sentensi moja chini: "Nimeshawasikia hao wote, wewe unasemaje?" Daah. Mi nilikuwa sijui kama nina ruhusa ya kusema. Toka darasa la kwanza mpaka kidato cha sita hakuna aliyewahi kuniuliza mi nasemaje, nilichoulizwa ni kutaja sababu tano. Niliiandika upya mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa mbovu kuliko ya kwanza ila ilikuwa yangu.

Na kunakili kule ni kesi. Kubeba aya ya mtu bila kumtaja unaitwa kikaoni, unaweza kufutiwa somo zima. Mwenzangu mmoja kutoka nchi ya jirani alikumbwa na hilo, kwao kuandika maneno ya mwalimu neno kwa neno ndo heshima, kule ni wizi. Wamfundishe mtu kwanza jamani kabla hawajamhukumu, ila ndo hivyo.

BintiLamu
Umenichekesha ulipotaja sarufi, mantiki na balagha. Hizo ndizo nahau, mantiki na balagha walizokuwa wakisoma wazee wetu kwa mashekhe, babu yangu kazisoma msikiti wa Riyadha hapa Lamu kabla hajui hata Kiingereza. Kumbe watu wakipanda ndege hadi Minnesota kutafuta kitu kilichokuwa barazani 😄

KengeleYaPeramiho
Dada BintiLamu umesema jambo kubwa na wala sio utani. Wale wanafalsafa wa Kilatini wa karne za kati mantiki ya Aristotle walikuwa wanaisoma pamoja na maelezo ya Ibn Sina na Ibn Rushd, majina wameyageuza tu, Avicenna na Averroes. Thomas Aquino anamtaja Ibn Rushd kama "Mfafanuzi", basi, bila jina, kila mtu anajua ni nani. Mi hayo nimeyajulia kule kwenye darasa la falsafa linalofundishwa na Mkatoliki. Nikajiuliza mbona sikuyasikia kwetu wakati msikiti uko mtaa wa pili.

Mlipa Kodi
Haya yote mazuri ila hela unapata? Historia unaenda kumuuzia nani

KengeleYaPeramiho
Nakuja hapo mkuu, ila kwanza niseme kilichonifanya nibadili meja.

F-1, yan viza ya mwanafunzi, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya kampasi mwisho masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mwaka wa kwanza niliosha masufuria jikoni. Mwaka wa pili nikapata kibarua kwenye maktaba yao ya miswada, kifupi wanaita HMML. Kazi yangu ilikuwa ya kipuuzi tu, kupanga maboksi na kuingiza namba kwenye kompyuta.

Sikilizeni historia ya hii maktaba. Vita vya pili vya dunia abasia mama ya Wabenedikto kule Italia, Monte Cassino, ilipigwa mabomu 1944 ikabaki kifusi. Miaka ya 60 ikaja hofu ya nyuklia. Wamonaki wa Collegeville wakasema vita ya tatu ikija maktaba zote za Ulaya zitaungua, twende tukapige picha vitabu kabla. 1965 padre mmoja wa abasia, Oliver Kapsner, akaenda Austria akaanza na monasteri ya Kremsmünster, anabisha hodi monasteri kwa monasteri na mashine ya maikrofilamu. Wengi walimwona kichaa.

Kisha wakaja Ethiopia, na hapa ndo nilipopigwa na butwaa. Kuanzia 1973, kwa makubaliano na Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia na chuo cha Vanderbilt, walipiga picha miswada zaidi ya 9,000 ya makanisa na monasteri za kule, vitabu vya ngozi vilivyoandikwa kwa mkono kwa lugha ya Ge'ez. Mwaka uliofuata mfalme anapinduliwa, Derg, yan utawala wa wanajeshi, wanaingia, vita, njaa, na kazi ikaendelea hivyo hivyo katikati ya moto.

Asa picha unazo, nani anazisoma? Getatchew Haile. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Addis Ababa na mbunge. 1975 askari wa Derg walienda nyumbani kwake kumkamata, wakampiga risasi, ikamgusa uti wa mgongo, miguu ikafa. Akatolewa nje kwa matibabu, 1976 akafika Collegeville kwenye kiti cha magurudumu na akakaa hapo anasoma hizo filamu, anaorodhesha kitabu kimoja kimoja: kimeandikwa na nani, lini, kina nini, ukurasa gani umepotea. Kazi hiyo kaifanya miaka na miaka. 1988 akapewa tuzo ya MacArthur, ile Wamarekani wanaiita ya magenius. Kafariki 2021. Mi sikuwahi kukutana naye ila katalogi zake ndo nilikuwa nazishika kila Jumanne na Alhamisi, na nilikuwa najiuliza huyu mtu alifukuzwa nchini kwake, amepooza, nje theluji mpaka dirishani, na anachofanya ni kuhakikisha koma ya mwandishi wa karne ya 15 imeandikwa sawasawa.

Hapo ndo nilielewa neno skolashipu lina maana mbili. Kwetu ni ile barua ya hela. Kule wakisema fulani ni skola wanamaanisha hii. Uhasibu ukafia hapo.

NguvuYaWanyonge
Kwaiyo wazungu wamebeba vitabu vya Ethiopia wakaweka kwao na nyie mnapiga makofi?? Huo ni wizi kama wizi mwingine

KengeleYaPeramiho
Hapana mkuu, soma tena. Vitabu havikutoka. Vilipigwa picha vikarudi kabatini kwa wenyewe, na nakala ya filamu ikabaki Addis Ababa, nyingine ndo ikaenda Minnesota. Kuna vitabu leo ukitafuta asili yake haionekani, vita vimepita hapo, iliyobaki ni picha.

Ila hoja yako nusu yake naikubali na nilishawahi kuisema darasani nikatetemeka. Kwa miaka mingi kama we ni mtafiti wa Addis na unataka kulinganisha na filamu za nchi nyingine, inabidi uombe viza ya Marekani ukazione kule. Hiyo haikuwa sawa. Siku hizi wameweka mtandaoni, bure, unajisajili tu kwa barua pepe, hata kwa bando la kuunga unafungua. Na walienda mbali zaidi, Mali kwa mfano, wale wanamgambo walipoiteka Timbuktu 2012 akina Abdel Kader Haidara wakaihamisha miswada kwa siri mpaka Bamako, HMML wakaingia nao ubia wa kuipiga picha za dijitali. Miswada ya Kiislamu hiyo, na anayeongoza maktaba miaka hiyo ni mmonaki, padre Columba Stewart, yule aliyetoa mhadhara wa Jefferson 2019, heshima kubwa ya wasomi kule Marekani.

BintiLamu
Ya Riyadha nayo ilipigwa picha, ila si hao, ulikuwa mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini. Vitabu vyenyewe viko hapa hapa Lamu. Nakubaliana nawe, la muhimu ni kitabu kubaki kwa mwenyewe.

Frateri_asiye_na_jina
Tumsifu Yesu Kristo. Kaka swali langu ni moja. Uhuru upo kweli? Maana kwenye Ex Corde Ecclesiae, ule waraka wa 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, Papa Yohane Paulo II anasema mwalimu wa teolojia Mkatoliki awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa. Asa unafundishaje mtu kufikiri huku umemwekea uzio?

KengeleYaPeramiho
Milele amina frateri. Swali zuri na kule wanaligombania toka 1967, wakuu wa vyuo vya Kikatoliki walikutana Land O'Lakes Wisconsin wakatoa tamko kwamba chuo Kikatoliki lazima kiwe huru dhidi ya mamlaka yoyote iliyo nje ya chuo, iwe ya walei au ya Kanisa. Roma hawakulipenda sana. Ex Corde ni kama jibu, ila ukiisoma vizuri yenyewe inatetea uhuru wa utafiti pia, inachotaka ni chuo kisisahau kilikozaliwa.

Nilichokiona mimi, darasani hakuna aliyewahi kuniambia swali hili haliulizwi. Nimesoma Nietzsche, yule mwanafalsafa aliyeupinga Ukristo, kwa mwalimu ambaye saa sita alikuwa anaenda misani. Mabishano makali kuliko yote niliyoyashuhudia yalikuwa kati ya padre na mwalimu mlei, na anayetetea mtazamo wa kihafidhina alikuwa mlei 😂. Ila nisiseme ni peponi. Mwafrika mmoja darasani unageuzwa msemaji wa bara zima, "watu wa Afrika wanaonaje?" Nitajuaje watu wa Afrika wanaonaje, mi hata watu wa Mbinga siwajui wote.

Otieno wa Umoja
Buda hii uzi iko sawa sana. Huku kwetu ukisema unasoma historia mathe anakuombea. Wewe uko wapi saa hii, kazi gani?

KengeleYaPeramiho
Dodoma, ofisi moja hivi, nasimamia nyaraka. Masijala zinahama kutoka kwenye mafaili kwenda kwenye kompyuta na watu wanadhani ni kuskani tu. Ukiskani bila kuorodhesha umehamisha takataka kutoka kabatini kwenda kwenye diski. Yan nafanya kazi ya Jumanne na Alhamisi, sema kwa mshahara. Mlipa Kodi jibu lako ndo hilo, sio tajiri, sio ombaomba.

Mama Junior Kimara
Habari zenu wanangu. Nimesoma yote. Mwanangu wa kwanza kamaliza kidato cha sita, kapata chuo cha Kikatoliki huko huko Marekani, sitakitaja. Barua inasema amepata skolashipu ya dola 36,000 kwa mwaka. Tumeshangilia, mpaka jumuiya imeshajua. Yupo ajenti anasema nilipe milioni 1.8 ya kuthibitisha nafasi kabla ya Ijumaa. Nifanyeje?

KengeleYaPeramiho
Shikamoo mama. Kabla ya yote USILIPE. Chuo kikitaka amana kinaomba chenyewe kwenye akaunti ya mwanafunzi ya chuo, sio kupitia namba ya simu ya mtu.

Pili naomba angalia kwenye barua gharama yote kwa mwaka ni kiasi gani, ada pamoja na malazi, chakula na bima.

Mama Junior Kimara
Marahaba mwanangu. Imeandikwa 68,000.

KengeleYaPeramiho
Basi mama hapo ndo penye mtego, nakueleza ukweli hata kama unauma. Hiyo 36,000 hakuna mtu atakupa mkononi, ni punguzo la bei. Inabaki 32,000 kila mwaka. Kwa dola ya shilingi 2,500 tu ni milioni 80, mara minne milioni 320. Mkopo wa serikali yao wanapewa raia na wakazi wao, mtoto wetu hagusi. Kibarua cha kampasi hakiwezi kuziba hilo shimo, kinanunua sabuni na vocha. Na fomu ya I-20 ya kuombea viza hawatoi mpaka uonyeshe hela ya mwaka wa kwanza ipo, benki au kwa mdhamini.

Mimi nilipona kwa sababu nilipata msaada wa chuo kwa kuangalia uwezo wa familia, na sehemu iliyobaki ililipwa na watu wa parokia moja kule walioijua Peramiho. Bila hao ningebaki Songea. Wengi wanaopost picha na majoho hawasemi nani alilipa.

Cha kufanya: mtoto mwenyewe aandike barua pepe ofisi ya misaada ya fedha, kwa adabu, aseme familia inaweza kuchangia kiasi hiki na hiki, aambatanishe ushahidi wa kipato, aulize kama wanaweza kupitia upya. Kuomba hakumfukuzi mtu. Ila mama usiuze kiwanja.

FundiSimu_Mbeya
Mama kama ajenti anakusumbua weka hapa tarakimu tatu za mwisho tuone kama ni yule yule aliyempiga shemeji yangu

Mzito wa Kabwe
Huyu mtoa mada kaandika kama kitabu, mods mpandisheni juu.

BintiLamu
Na ile Biblia ya kuandikwa kwa mkono? Nimewahi kuiona picha zake.

KengeleYaPeramiho
Ndiyo, ni ya hapo hapo. 1998 walimwagiza mwandishi wa hati wa Uingereza, Donald Jackson, aandike Biblia nzima kwa mkono kwa unyoya wa bata bukini juu ya ngozi ya ndama, kazi ikaisha 2011. Majuzuu saba, kitabu kikifunguliwa kinakaribia upana wa mlango. Karani akiruka mstari hawafuti, wanauandika pembeni na kuchora ndege au nyuki anauvuta kwa kamba mpaka mahali pake. Nilikuwa nikiboreka naenda kumwangalia yule nyuki.

Mama Junior Kimara
Wanangu nimerudi, ni miezi imepita. Walijibu, wameongeza dola 5,000. Haikutosha, tumekataa kwa heshima. Ajenti nilimblok. Junior yuko Mlimani mwaka wa kwanza, sheria. Bumu limechelewa analalamika kila siku. Ila juzi kaniuliza yule mzee wa Ethiopia anaitwa nani, nikakosa jina nikaja kulitafuta humu.

KengeleYaPeramiho
Pole mama, na hongera kwa kukataa. Getatchew Haile. Mwambie akifungua ile maktaba ya mtandaoni aandike EMML, kifupi cha ule mradi wa filamu za Ethiopia, kwenye sehemu ya kutafutia, zitakuja. Afungue usiku, bando la usiku ni rahisi, zile picha ni nzito.